Mashua za Mifereji Katika Maji ya Bamvua: Nani wa Kusema Hapana?

Mtu aliyenunua mashua ya mfereji nchini Uingereza, akauliza kama anaweza kuitoa Gloucester na kuifikisha Bristol kwa kupitia mlango wa mto Severn, atapata majibu yasiyolingana. Mmoja atamwambia ni safari ya asubuhi moja, tena ya kupendeza. Mwingine atamwambia anajitafutia kifo. Kampuni ya bima itataka kujua rubani ni nani. Cheti cha usalama alichokabidhiwa na muuzaji hakitamsaidia hapa, kwa kuwa ukaguzi wake unahusu gesi, umeme, mafuta, moto na uchafuzi wa maji. Hausemi lolote juu ya uwezo wa chombo kuhimili mawimbi.

Hata maandishi rasmi yanaweza kumpoteza mtu. Uingereza ina orodha mbili zinazotumia herufi A hadi D, na herufi hizo zinakwenda kinyume. Orodha ya kwanza hupima chombo: A ni cha bahari kuu, na D ni cha maji yaliyokingika, kilichokusudiwa upepo usiozidi nguvu 4 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi ya kawaida yasiyozidi sentimita 30. Orodha ya pili hupima maji yenyewe, na hutumika zaidi katika kanuni za vyombo vya biashara: A ni mifereji na mito myembamba ambayo kwa kawaida kina chake hakifiki mita 1.5, na D ni milango ya mito ambako mawimbi yaweza kufika mita 2. Mwenye mashua ya D akisikia kwamba mbele yake kuna maji ya D, anaweza kudhani vimeumbiwa pamoja. Kumbe chombo chake ni dhaifu kuliko vyote katika orodha ya kwanza, na maji hayo ni makali kuliko yote katika orodha ya pili.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama safari hizi ni salama. Halina jibu moja, maana usalama wake haumo ndani ya chombo peke yake. Umo pia katika saa ya kuondoka, upepo, hali ya injini, na jambo ambalo mijadala mingi hulipita haraka: nani ana kauli ya kuahirisha safari, na kuahirisha kunamgharimu nini. Uchambuzi huu unaeleza asili ya tatizo, unapitia misimamo mitano inayoshindana, kisha unaipima kwa swali hilo.

Mifereji ilichimbwa kuyakwepa maji haya

Mashua ya mfereji ya Kiingereza ina umbo lake kwa sababu ya malango. Katika karne ya 18, mhandisi James Brindley na wenzake walijenga malango ya maji, yaani vyumba vya mawe vyenye milango pande mbili vinavyopandisha na kushusha chombo, kwa upana wa karibu mita 2.1 tu. Lango jembamba lilipunguza gharama na kuokoa maji. Mfereji wa Trent and Mersey, uliokamilika mwaka 1777, ulisaidia kuufanya upana huo kuwa kipimo cha sehemu kubwa ya katikati ya Uingereza. Mashua zikafuata: upana wa karibu mita 2.1, urefu unaoweza kufika mita 22, chini bapa, na kina cha sentimita 60 hivi majini.

Kusudi la mifereji hiyo lilikuwa kubeba makaa, udongo wa vyungu na bidhaa za viwandani bila kutegemea mito yenye mafuriko, mafungu ya mchanga na maji ya kupwa na kujaa. Mfano ulio wazi ni Mfereji wa Gloucester and Sharpness, uliofunguliwa mwaka 1827. Wenyewe ulichimbwa ili meli ziepuke sehemu ya Severn yenye kona na mchanga unaohama. Kingo zake zilipoanza kutishiwa na mto huo, kuanzia mwaka 1909 mabaki ya vyombo vikuukuu yalisukumwa ufukweni pale Purton ili yawe kinga. Baadhi ya mabaki hayo yanaonekana hadi leo. Kwa hiyo anayeitoa mashua Sharpness na kuiingiza mtoni anayarudia maji ambayo mfereji huo ulijengwa kuyapa kisogo.

Kwa nini basi watu wanarudi huko? Sababu ya kwanza ni mtandao. Biashara ya mizigo ilipokufa, mifereji ilifufuliwa kwa ajili ya mapumziko na makazi. Inland Waterways Association ilianzishwa mwaka 1946 kupigania uhai wake, na tangu mwaka 2012 taasisi ya Canal & River Trust inasimamia mifereji na mito yenye urefu wa karibu kilomita 3,200. Mfereji wa Kennet and Avon, unaofika hadi Bristol, ulifunguliwa upya mwaka 1990. Lakini ukiitazama ramani utaona pengo: kati ya Sharpness na Bristol hakuna mfereji, kuna mlango wa Severn. Atakayezunguka kwa maji ya ndani itambidi apande kaskazini kupitia Worcester, avuke mifereji ya katikati ya nchi, ateremke kwa mto Thames hadi Reading, kisha aelekee magharibi na kupita malango 29 ya Caen Hill pale Devizes. Hiyo ni safari ya wiki kadhaa. Kwa njia ya Severn ni takriban kilomita 30.

Sababu ya pili ni makazi. Maelfu ya watu sasa wanaishi ndani ya mashua hizi, na mtu anayehamia kazi au shule ya mtoto huhama na nyumba yake. Sababu ya tatu ni hamu ya kwenda mbali. Terry Darlington aliandika kitabu, kilichochapishwa mwaka 2005, juu ya safari yake na mkewe kwa mashua ya mfereji hadi kusini mwa Ufaransa, wakiwa wamevuka bahari inayoitenga Uingereza na bara la Ulaya. Tangu hapo mfano huo hutajwa kila anapotokea mtu kusema haiwezekani.

Maji yenyewe

Msomaji wa Pwani ya Afrika Mashariki anajua bamvua, maji yanapopwa na kujaa sana, na maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo. Mombasa na Zanzibar, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Katika mlango wa Severn hufika mita 14, na ni sehemu chache duniani zinazoushinda. Sababu ni umbo lake: mlango ni mpana upande wa bahari na huzidi kusongamana kuelekea ndani, hivyo maji yanayoingia hukosa pa kutandaa yakalazimika kupanda. Yakishuka, hutoka kwa kasi ileile. Katika sehemu zilizobanwa, mkondo wa bamvua unaweza kupita kilomita 12 kwa saa. Mashua ya mfereji, injini ikiwa imesukumwa kadiri inavyoweza, huenda kilomita 10 kwa saa hivi.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza mambo mengi. Aliyetoka Sharpness maji yakianza kupwa hawezi kubadili nia na kurudi. Hata akiigeuza mashua, ataendelea kurudishwa nyuma. Lango lililo nyuma yake nalo hufunguliwa kwa muda mfupi tu maji yanapojaa. Kilichobaki ni kufika mbele, au kutia nanga na kuomba msaada.

Upepo huongeza ugumu. Ukivuma kinyume na mkondo, mawimbi huinuka, hufupika na kukaribiana, na ndiyo mabaya zaidi kwa chombo kirefu kilicho bapa. Ndiyo maana utabiri uleule wa hali ya hewa unaweza kumaanisha maji matulivu saa tatu asubuhi na maji ya kutisha saa tano, bila upepo kubadilika hata kidogo. Mkondo tu umegeuka.

London ina hatari za namna nyingine. Thames hupanda na kushuka kwa karibu mita 7 wakati wa bamvua, na katikati ya jiji umebanwa na kuta zilizojengwa karne ya 19. Boti za abiria ziendazo kasi huacha mawimbi, mawimbi hupiga ukuta upande huu na kurudi, yakakutana na yale ya ukuta wa pili. Maji hayo hayana mpangilio wa kufuatwa na nahodha. Hatari nyingine ipo mlangoni pa Limehouse, ambako mfereji hukutana na mto karibu kwa pembe mraba: omo ya mashua inapotokeza mtoni hukamatwa na mkondo wakati tezi ingali katika maji yaliyosimama, na chombo cha mita 20 huanza kuzungushwa kabla nahodha hajakamilisha kutoka.

Mto Trent, chini ya lango la Cromwell, una mafungu ya mchanga yanayojificha kwenye kona na wimbi la kujaa linalopanda mto wakati wa bamvua kubwa. Mto Ribble kule Lancashire una matope mapana na njia moja ya kufuatwa. Huko Wash, mashariki, mtu hutoka kabisa kwenye mto akavuka ghuba ya bahari yenye mafungu ya mchanga. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: mahali ambapo nahodha wa meli ndogo ya mizigo hunywa chai yake bila wasiwasi, mashua ya mfereji iko baharini kwa maana kamili.

Chombo kinavyoweza kushindwa

Watu wengi huogopa kupinduka. Linalotokea kwa urahisi zaidi ni injini kuzima. Tangi la dizeli katika mashua nyingi za chuma hujengwa huko tezini, na kwa miaka mingi ya kutembea polepole katika maji yasiyotikisika, maji na uchafu hutua chini yake kimya kimya. Siku mashua inapoanza kuyumba, tope hilo huchafuka, huingia kwenye chujio, na injini ambayo haijawahi kumsumbua mwenyewe huzima katikati ya mkondo. Mashua ileile ingeweza kukaa mferejini majira yote ya joto bila dalili yoyote.

Udhaifu wa pili ni joto. Injini hizi hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya tangi jembamba lililoshikana na ubavu wa chuma, na mpangilio huo unatosha kwa kilomita 6 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa mferejini. Kuisukuma injini kwa nguvu zote kwa saa tatu ni mtihani ambao mashua nyingi hazijawahi kufanya.

Wa tatu ni matundu. Bomba la moshi, matundu ya hewa ya chumba cha injini na mifereji ya kutolea maji ya sitaha ya mbele huwa karibu sana na usawa wa maji. Tezini, juu ya pangaboi, kuna kifuniko kinachofunguliwa ili kuondoa magugu au kamba iliyojisokota. Kisipokazwa sawasawa, pangaboi lenyewe husukuma maji ndani. Milango ya mbele nayo ni ya mbao, iliyowekwa kwa ajili ya mvua.

Wa nne ni nanga. Mferejini haihitajiki, kwa hiyo mashua nyingi hazina, au zinayo ndogo iliyolala chini ya vitu stoo, bila mnyororo uliofungwa. Katika maji ya kupwa na kujaa, nanga ndiyo breki ya mwisho injini ikizima. Lazima iwe na uzito unaolingana na chombo, iwe omoni, iwe imefungwa mnyororo na kamba, na mtu mmoja awe na kazi ya kuitupa tu.

Orodha hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya udhaifu inarekebishika: tangi husafishwa, machujio hubadilishwa, matundu huzibwa, nanga hununuliwa, watu huvaa jaketi okozi. Pili, umbo halirekebishiki. Chombo kirefu, chembamba, bapa na chenye ubavu mfupi kitabaki hivyo hivyo. Maandalizi huongeza idadi ya siku zinazofaa, lakini hayawezi kuigeuza kila siku kuwa siku ya kusafiri.

Msimamo wa kwanza: usithubutu, tumia lori

Wanaoshikilia msimamo huu wanasema chombo kitumike pale kilipokusudiwa. Kama kuna pengo la maji makali, mashua inyanyuliwe kwa kreni, ipakiwe kwenye lori, ishushwe upande wa pili.

Nguvu yake ni uhakika. Lori halijali bamvua, na mashua haipambani na wimbi. Aidha msimamo huu haumtegemei mtu kuamua vizuri akiwa amechoka au ana haraka. Udhaifu wake ni gharama, kwa kuwa mashua ya chuma inaweza kuwa na uzito wa tani 15 au 20, na kreni hulipiwa mara mbili. Kunyanyua nako kuna hatari zake, na si kila ukingo wa mfereji unafikiwa na lori kubwa. Tena msimamo huu hautofautishi maji na maji: unaiweka Thames ya asubuhi tulivu kapu moja na mlango wa Severn wakati wa dhoruba. Asiyemudu lori akiambiwa kwamba hakuna njia nyingine ya busara, anaweza kuamua kwenda peke yake bila ushauri wa mtu yeyote.

Msimamo wa pili: mpe rubani usukani

Huko Severn kuna marubani wanaoongoza meli kwenda na kutoka Sharpness, na huchukuliwa pia na wenye mashua za mifereji. Rubani hupanda na redio yake, hujua njia, hujua meli zipi zinatarajiwa, na hujua mchanga umehamia wapi tangu mwaka jana.

Nguvu ya msimamo huu ni ujuzi wa mahali na wa siku. Lakini ujuzi wa watu si kinga kamili. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1960, meli mbili za mafuta, Arkendale H na Wastdale H, zilizokuwa zikifanya kazi katika maji hayo, zilikosa mlango wa Sharpness kwenye ukungu. Mkondo ukazichukua kupita mlango huo, zikakwama pamoja na kugonga nguzo ya daraja la reli la Severn. Sehemu mbili za daraja zilianguka, mafuta yakawaka, na watu watano walifariki. Walikuwa mabaharia wa kazi hiyo, katika vyombo vya kazi hiyo.

Udhaifu mwingine ni wa mwenye mashua mwenyewe. Akishamlipa rubani, anaweza kudhani amenunua usalama wote, akasahau tangi na nanga. Rubani anaujua mto, hajui ni lini chujio la dizeli lilibadilishwa mara ya mwisho.

Msimamo wa tatu: twende msafara

Vilabu vya wenye mashua, kikiwemo St Pancras Cruising Club cha London, huandaa safari za pamoja katika Thames. Mashua hutoka kwa makundi, wenye uzoefu wakiwa mbele na nyuma, na kabla ya siku yenyewe wageni huelezwa njia, madaraja, redio na kanuni za bandari. Port of London Authority, inayosimamia mto kuanzia Teddington hadi baharini, inataka vyombo vya urefu wa mita 13.7 au zaidi katikati ya London viwe na redio ya VHF, na wengi hujifunza kuitumia kupitia vilabu hivi.

Faida kubwa ni elimu kwa bei ndogo. Mtu hujifunza kwa kumtazama mwenzake, na injini ikizima kuna kamba karibu. Hata hivyo mashua ya mfereji inayoivuta mashua nyingine ndani ya mkondo mkali huwa ni vyombo viwili hatarini badala ya kimoja. Hatari kubwa zaidi ni ya kijamii: tarehe imepangwa miezi mingi kabla, watu wamechukua likizo, mashua ishirini zimekusanyika. Mwenye injini inayotoa moshi mweusi asubuhi hiyo huona haya kuwaambia wenzake kwamba haendi. Na wasimamizi wakiwa wengi bila mkubwa wao, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Msimamo wa nne: mamlaka ipange

Mfereji wa Lancaster ulitengwa na mtandao mwingine kwa zaidi ya miaka 200, kwa sababu daraja la maji lililokusudiwa kuuvusha juu ya Ribble halikujengwa. Mwaka 2002 ulifunguliwa Ribble Link: mashua hushuka kijito cha Savick, huingia Ribble, hufuata mto hadi mdomo wa Douglas, kisha hupanda hadi lango la Tarleton na kuingia tawi la mfereji wa Leeds and Liverpool. Canal & River Trust hupanga siku chache zenye maji yanayofaa, huandikisha mashua mapema, na kila siku ina mwelekeo mmoja. Nanga na jaketi okozi ni masharti. Upepo ukizidi, safari hufutwa.

Hapa anayefuta hana mashua ndani ya msafara, hana mgeni anayemngoja Tarleton, wala haoni haya mbele ya wenzake. Hiyo ni nguvu ambayo misimamo mingine huikosa. Udhaifu wake ni uhaba wa siku. Safari ikifutwa, mtu anaweza kukwama upande asioutaka kwa wiki kadhaa. Pia ruhusa ya mamlaka husomwa vibaya: watu hudhani kwamba kupangiwa siku ni kuthibitishiwa mashua. Mamlaka imeyatazama maji na utabiri wa upepo. Injini imebaki juu ya mwenyewe.

Msimamo wa tano: mwenye chombo aamue

Uingereza haihitaji leseni ya kuendesha mashua binafsi mferejini. Wapo wanaoutetea uhuru huo hadi kwenye maji ya bamvua. Hoja yao ni kwamba majedwali ya kupwa na kujaa yanapatikana, ramani zipo, kozi zipo, na mtu mzima akijifunza hahitaji kusindikizwa. Huko Trent kuna wengi wanaofanya hivyo kwa miaka mingi wakiwa na ramani za mto na simu moja kwa msimamizi wa lango.

Msimamo huu una ukweli wake. Mwenye mashua anayejifunza huijua injini yake, huijua nanga yake, na hujua kwa nini anaondoka saa hiyo. Lakini uzoefu wa mferejini haumfundishi mtu mkondo. Anaweza kuwa ameshika kana miaka kumi bila kuwahi kuona mashua yake ikisukumwa upande. Na mfano wa Darlington, au wa yeyote aliyevuka salama, huthibitisha kwamba siku aliyoichagua ilifaa. Hauthibitishi kwamba mashua inafaa siku zote.

Trent wenyewe una kumbukumbu ya namna mambo madogo yanavyojumlishana. Tarehe 28 Septemba 1975, wanajeshi kumi walikufa maji pale Cromwell, mashua yao ya mazoezi iliposukumwa juu ya ukuta wa kuzuia maji ulio kando ya lango. Ilikuwa usiku, hali ya hewa ilikuwa mbaya, na taa za kuonya zilikuwa zimezimika kwa kukatika umeme. Hawakuwa katika mashua ya mfereji, lakini mashua za mifereji hupita hapohapo.

Mizani

Misimamo hii mitano haitofautiani sana katika mambo ya kiufundi. Yote inakubali nanga, redio, tangi safi na siku tulivu. Inapotofautiana kweli ni katika kujibu nani aseme hapana, na lini.

Jibu la lini linatokana na hesabu ya kasi iliyotajwa juu. Katika maji ambayo mkondo wake unaishinda mashua, uamuzi wa mwisho wenye maana hufanyika kabla mlango wa lango haujafunguliwa. Baada ya hapo hakuna kuahirisha. Kwa hiyo kila kinachomsukuma mtu atoke leo ni sehemu ya hatari, sawa na upepo: kreni iliyokodiwa Jumatatu, likizo inayokwisha, gati lililolipiwa, jamaa waliokwisha panda treni kuja kupokea.

Kwa kipimo hicho, lori linashinda kwa usalama na kushindwa kwa gharama. Rubani anafaa iwapo makubaliano yake yanasema wazi kwamba kuahirisha hakumpunguzii yeye malipo wala hakumwumizi mteja. Msafara unafaa iwapo kiongozi mmoja ametajwa mapema, na kila mashua ina haki ya kujiondoa bila kuulizwa mara mbili. Ratiba ya mamlaka inafaa zaidi kwa sababu hapana yake haina bei kwa anayeitamka. Uhuru wa mwenye chombo ndio dhaifu kuliko yote hapa, kwa kuwa anayetaka kufika ndiye huyohuyo anayetakiwa kujizuia.

Maji nayo hayalingani, na majibu yasilingane. Severn inataka rubani au lori, na mwenye mashua ya mfereji asiende huko peke yake mara ya kwanza. Ribble, kwa mashua iliyoandaliwa, ratiba ya mamlaka inatosha. Thames ya katikati ya London inafaa kujifunzwa katika msafara. Trent inawezekana kwa mwenye kujifunza, mchana, akiwa na ramani na akiwasiliana na wasimamizi wa malango. Wash na bahari wazi ni za rubani na siku teule tu, na mashua yenye herufi D isihesabu safari hiyo kuwa ya kawaida.

Kwa muhtasari

Mashua za mifereji huvuka maji ya bamvua, na nyingi hufika bila kisa. Hilo halimaanishi kwamba zimejengwa kwa ajili yake. Cheti cha usalama hakipimi mawimbi, herufi za orodha mbili zisichanganywe, na mkondo unaweza kuishinda injini. Hatari ya karibu zaidi ni injini kuzima. Dawa yake ni tangi safi, chujio jipya na nanga iliyo tayari omoni. Baada ya hayo yote, kinachobaki ni uamuzi wa asubuhi ile, na uamuzi huo ni bora ukiwa mikononi mwa asiyepoteza kitu kwa kusema hapana.

Anayepanga safari ya aina hii aandike mapema jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Atenge siku za akiba. Asipange kreni, kazi wala wageni upande wa pili hadi awe amefika. Na rubani au msimamizi wa lango akimwambia leo hapana, afunge kamba, ashukuru, angojee maji mengine.